Miaka minne ya uhandisi mitambo ni ya kazi gani? Maneno kwa vijana wa Mwanza wanaoenda chuo

Haya ni maneno niliyoongea Nyakato mbele ya vijana waliomaliza form six, wazazi wao na walimu wao. Watu wameomba niyaweke kwa maandishi, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazazi wangu, walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliopata chuo hongereni sana, na nyie mnaosubiri dirisha la pili la udahili msikate tamaa, endeleeni kuomba.

Nimepewa kazi ya kuongelea uhandisi mitambo, yani mtu akikaa chuo miaka minne kwenye hii kozi anatoka na nini kichwani na mikononi. Wakati naingia mama mmoja kanisimamisha mlangoni akaniuliza, baba, mwanangu toka darasa la tano anafungua pikipiki na kuifunga mwenyewe, sasa hiyo miaka minne itamuongezea nini ambacho gereji haina? Mama nakushukuru kwa kuuliza, maana wazazi wengi wana hilo swali moyoni na wanaona aibu kulisema, na mimi naona ndo swali la maana kuliko yote leo kwaiyo ntalijibu hilo hilo.

Fundi mzuri anakuja kwenye injini iliyokufa anakwambia imekufa na nini. Hapa Mwanza tunao watu Igogo, Mabatini, mpaka huku Nyakato, wanasikiliza dizeli dakika moja wanakwambia nozo ya silinda ya 3 haipigi sawa, ukifungua unakuta kweli. Sikio hilo chuo hakikupi, na mtu asiwadanganye kwamba ukishavaa joho umempita fundi. Chuo kinatakiwa kikupe kitu kingine, uweze kusema KABLA. Kabla injini haijawaka, kabla pampu haijafungwa, kabla chombo hakijashushwa majini, ukae na karatasi na kalamu useme hiki kitahimili na hiki hakitahimili, useme na namba, alafu uweke saini yako chini. Nikiulizwa lengo la shahada ya uhandisi mitambo kwa ufupi mimi najibu hivo, mengine yote yanakuja kuhudumia hilo.

Na sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa sana kwanini hilo ni jambo zito. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimeshakaribia kabisa gati la Bwisya kule Ukara. Uwezo wake ulikua abiria 101, waliokufa peke yao walizidi 200. Kabla ya hapo, 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza. Najua humu ukumbini kuna familia zilizopoteza watu kwaiyo nalitaja hili kwa heshima zote, na nalitaja kwasababu kile kinachoamua chombo kikiinama kirudi au kisirudi kinafundishwa darasani, kwenye somo la mekanika ya vimiminika, wengi mtakutana nalo mwaka wa pili.

Ntawaeleza kidogo. Chombo kinachoelea kina kitovu cha uzito wake, alafu kuna kitovu cha ile nguvu ya maji inayokisukuma juu. Chombo kikiinama, kitovu cha maji kinahamia upande kilikoinamia kwasababu upande huo ndo umezama zaidi. Sasa chora mstari wima kutoka hapo kwenda juu, utakata mstari wa katikati ya chombo sehemu fulani, hiyo sehemu inaitwa metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo kinajirudisha chenyewe. Ikiwa chini, kinapinduka moja kwa moja. Sasa pakia watu na magunia deki ya juu uone, kila gunia linalopanda juu linapandisha kitovu cha uzito, ile nafasi kati yake na metasenta inapungua, na kwa macho huoni chochote, meli imesimama gatini imetulia kabisa watu wanapunga mikono. Hatari yote iko kwenye namba ambayo hakuna mtu anaweza kuiona kwa kuangalia, lazima mtu aipige hesabu. Huyo mtu ndo nyie.

Na lile la MV Bukoba kuna jambo jingine linauma mpaka leo. Meli ilikua imepinduka lakini bado inaelea, kuna watu walikua hai ndani, na kilichoishikilia ilikua hewa iliyobaki imefungiwa humo. Likatobolewa tundu kwa nia ya kuwatoa, hewa ikatoka, meli ikashuka. Siwalaumu waliokua pale, walikua na haraka ya kuokoa roho za watu na ningekua pale na mimi ningekua na haraka hiyo hiyo. Ila ndomana nasema hii elimu ya kanuni za msingi, Archimedes na presha ya hewa, msiichukulie ni ya mtihani. Mkifika chuo mtakuta watu wanadesa, desa la mwaka juzi linazunguka hosteli nzima, mtu anakariri swali la kuelea anapata A, na hajui alichokiandika ni kitu gani. Huyo hakukwepa sapu, ule mtihani wa kurudia, huyo amepeleka hatari mbele kwa watu wasiomjua.

Sasa nije kwenye chuma, maana hapo ndo nimekaa miaka mingi.

Kuna boti ya mizigo inayotoka visiwani kuja mjini, shafti ya propela ilikua inakatika. Inakatika, inakerezwa nyingine, inakaa kidogo, inakatika tena, na inakatika pale pale, kwenye hatua ambapo kipenyo kinapungua kabla ya kapulingi, kile kiungo cha shafti na injini. Mwenye boti akaona labda chuma ni kibovu, akatafuta chuma kigumu zaidi cha bei, nacho kikakatika. Alikuepo kijana wa chuo yuko fildi, yani mafunzo ya kazini, mwaka wa tatu, mkimya kweli kweli. Akaomba kile kipande kilichovunjika wasikitupe. Akakiosha na dizeli na brashi, akakipeleka juani akawa anakigeuza geuza.

Na mimi nilikiona. Uso wa pale palipokatika una sehemu mbili. Sehemu kubwa ni laini, ina mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, na yote ukiifuata inarudi kwenye kidoa kimoja pembeni, kwenye ile kona ya hatua. Alafu sehemu ndogo iliyobaki ni ya mikwaruzo, chembe chembe. Yule kijana akasema hii shafti haijakatika leo, imekua ikikatika kidogo kidogo wiki na wiki, ufa ulianzia hapa konani, na hii sehemu ya mwisho iliyokatika kwa mpigo mmoja ni ndogo sana, maana yake mzigo wenyewe haukua mkubwa. Kwaiyo kuweka chuma kigumu sio dawa, tena chuma kigumu mara nyingi kinaogopa kona kali kuliko chuma laini.

Ilikua kweli. Kona ilikua imekatwa mraba kabisa kwenye mashine ya kukereza, na kwenye kona ya namna hiyo nguvu ndani ya chuma inajikusanya inakua mara mbili mpaka tatu ya ile uliyoipigia hesabu. Alafu besi ya mbao ya injini ilikua imeshuka upande mmoja, injini na shafti haviko kwenye mstari mmoja, kwaiyo shafti inapinda kila inapozunguka. Inazunguka mara 750 kwa dakika, hiyo ni 45,000 kwa saa, safari ya masaa 5 chuma kimepindwa mara 225,000. Mjerumani August Wöhler alilichunguza jambo hili kwenye ekseli za mabehewa ya treni katika karne ya 19, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa nguvu ndogo kabisa ikirudiwa rudiwa vya kutosha. Vijana wanalisoma wanaita uchovu wa metali, wanachora ile grafu, wanafunga daftari. Huyu aliitoa kwenye daftari akaipeleka bandarini. Shafti mpya ikakerezwa na kona ya mviringo, besi ikanyanyuliwa, mstari ukapimwa na fila geji kati ya zile flenji mbili mpaka ukakaa sawa. Mwenye boti akapumzika.

Lakini niseme na upande wa pili wa hiyo habari, kwasababu nao ni sehemu ya ujuzi. Aliyeikereza ile kona vizuri ni fundi, mzee wa watu aliyeishia darasa la saba, na yule kijana alimfata akamwambia shikamoo mzee, akachora kwa chaki kwenye bati anachotaka, akauliza mzee hii inawezekana kwenye mashine yako? Mzee akamrekebisha vipimo viwili. Mchoro ni lugha na karakana ndo inaongewa, ukichora kitu ambacho hakiwezi kushikwa na mashine umeongea upuuzi hata kama kompyuta imekubali. Siku hizi mnafika chuo mnafundishwa kuchora kwa programu, inazunguka kwa rangi rangi, inavutia, na ina faida kubwa sana sikatai. Ila programu haikuambii kwamba spana haiingii kwenye hiyo nati. Kwaiyo wakati wa fildi, mkipangiwa sehemu, msikae ofisini kwenye feni mnasubiri logibuku kusainiwa. Vaa ovaroli, shika venia ya kupimia vipenyo, pima, funga beringi, chomelea hata kama itatoka vibaya, uliza mpaka uonekane msumbufu.

Kitu kingine nataka mkijue mapema ni kwamba vitabu vingi mtakavyosoma vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Sisi hapa ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huku ni ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na injini ya dizeli isiyo na taabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake. Watu wananunua jenereta kwa kusoma kibati alafu wanashangaa.

Na pampu ndo kabisa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa sana, mnakumbuka, watu wa bustani za pembeni ya ziwa wakahamisha pampu wakazipandisha juu zisizame. Maji yakaja kushuka, pampu zimebaki kule juu. Mtu anawasha, maji yanakuja kidogo, pampu inaunguruma kama imejaa changarawe, baada ya muda anafungua anakuta ile feni ya ndani imeliwa ina vishimo vishimo. Anaambiwa dukani nunua kubwa zaidi. Ananunua kubwa, inaliwa haraka zaidi!

Pigeni hesabu na mimi. Pampu haivuti maji, pampu inatengeneza nafasi na hewa ya nje ndo inasukuma maji kupanda kwenye bomba. Kitabu kinakwambia hewa inaweza kuyapandisha mpaka mita 10.3, hiyo ni baharini. Hapa Mwanza ni kama mita 9. Toa kidogo kwa ajili ya mvuke wa maji yenyewe, toa mita 3 au zaidi ambazo pampu inazitaka mlangoni kwake ndo ifanye kazi bila kuumia, toa msuguano wa bomba na ile chujio iliyoziba majani, umebaki na mita 4 au 5 za kweli. Yeye kaiweka mita 7 juu ya maji. Kwa mita hizo presha ndani ya pampu inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa ya baridi, mapovu yanapasukia kwenye chuma na kukila. Pampu kubwa inapitisha maji kwa kasi zaidi kwenye bomba lile lile, msuguano unaongezeka, shida inazidi. Dawa ni kuishusha karibu na maji, kwasababu kusukuma inaweza, hata mita 40 ukiwa na injini ya kutosha. Hiyo hesabu ni ya dakika kumi na ingemuokolea mkulima hela ya pampu nzima. Mama, hiyo ndo inaongezeka juu ya gereji.

Alafu kuna jambo la dagaa, na hili niseme linanikera kwasababu nalipenda. Kila mwaka vijana wa mwaka wa nne kwenye vyuo vyetu wanafanya projekti, na wengi wakisikia Mwanza wanatengeneza kikaushio cha dagaa cha jua. Vizuri. Ukienda kuangalia unakuta sanduku lina kioo juu, limepakwa rangi nyeusi, ndani joto nyuzi 60, wanafurahi. Hewa inatokea wapi? Tundu dogo. Dagaa wanatoa maji, hewa ya ndani inashiba unyevu, inakaa pale pale, dagaa wanapikika badala ya kukauka. Kukausha ni kuondoa maji, na anayeyabeba kuyatoa nje ni hewa inayotembea, joto linamsaidia tu. Hilo liko kwenye thamodainamiki yenu, ile chati ya hewa na unyevu ambayo kila mtu anaiogopa. Na la pili, wanajaribu na kilo moja. Nendeni Igombe au Kayenze, ongeeni na akina mama wenye dagaa, muulizeni dada au mama mmoja ana ndoo ngapi asubuhi moja ya giza la mwezi watu walipovua vizuri, alafu mvua za masika zimefunga. Muulizeni anaanika wapi, analipa nani kugeuza, anauza kwa nani, dagaa wa mchanga na dagaa wa kichanja bei zinatofautiana vipi. Hapo ndo projekti inaanza. Kusikiliza mtu ambaye hajasoma namba zako, ukatoka na namba sahihi za kwenye maisha yake, ni ujuzi kamili wa uhandisi na kwa maoni yangu ndo unaofundishwa vibaya kuliko wote vyuoni kwetu.

Kuandika nako. Wengi mnachagua PCM (fizikia, kemia na hesabu) mkidhani mmeikimbia insha. Kazini utaandika ripoti kila wiki, na ripoti mbaya inaua hesabu nzuri. Kama yule kijana wa shafti angeandika kurasa ishirini za fomula mwenye boti asingesoma, aliandika ukurasa mmoja, picha mbili, imekatika kwanini, ifanywe nini, itagharimu shilingi ngapi. Andikeni hivo.

Na kuna kusema hapana. Mkimaliza shahada mnakua bado hamjawa mainjinia wa kusimama wenyewe, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasajili kama wahandisi wahitimu, alafu kuna ule mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu, ndo baadae unaomba usajili kamili. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni muda wa kujifunza kusimamia namba yako mbele ya mtu mwenye hela. Utakuja kuwa kwenye kiwanda cha samaki, mtambo wa ubaridi unatumia amonia, bosi anataka bomba lirekebishwe leo usiku na kipande cha kopa, yani shaba, kilichopo stoo kwasababu kontena la minofu linaondoka kesho. Amonia yenye unyevu inakula kopa, na gesi ikitoka mle ndani kuna wadada mia wanakata minofu. Utasema hapana, uwe na miaka 25, bosi ana miaka 60, amekukasirikia. Sauti ya kusema hapana inatoka kwenye kujua kweli, mtu aliyedesa hana hiyo sauti, atasaini tu.

Ajira sitawadanganya, ni ngumu, na kozi hii sio tiketi ya ofisi. Lakini angalieni hili ziwa. MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Meli mpya ya MV Mwanza imeundwa hapa hapa bandari ya Mwanza Kusini, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ikaingizwa majini Februari 2023, na waliochomelea wengi ni vijana wetu, ila mkandarasi alitoka Korea Kusini na michoro ilikuja nae. Toka kuletewa meli kwenye maboksi tumefika kuiunda kwenye udongo wetu. Iliyobaki ni ile karatasi ya mwanzo, namba za kwanza kabisa, urefu, upana, metasenta, unene wa bati. Hizo nataka zipigwe na mtu aliyesoma Pamba au Bwiru au Ngaza au Nsumba, na ndo sababu nimekuja kuongea na nyie.

Kabla hamjaripoti chuoni mna wiki kadhaa. Mwenye ndugu ana gereji aende akashinde pale, mwenye shangazi soko la samaki la Mwaloni akamsaidie na aangalie mizani, barafu na mikokoteni kwa macho ya kuuliza. Rudieni kalkulasi na vekta, msidharau. Nimemaliza upande wangu, sasa maswali, na naomba tuanze na wadada walioko nyuma pale, kuna mmoja kanyoosha mkono toka nilipoongelea pampu.